Kinga za Miguu za Aurore Gamache

Odile Pelchat alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya jikoni, na mumewe Euclide alikuwa amepiga magoti nyuma yake akimfunga mikanda ya kinga za miguu za kipa. Supu ya njegere ilikuwa motoni. Nje theluji ilikuwa imefika usawa wa madirisha. Euclide alikaza mkanda wa mwisho, akafuta mikono kwenye suruali, akamwambia mkewe ainuke. Odile aliinuka, akapiga hatua moja, akaangukia kiti.

Rafiki yao Josette Lamoureux, nahodha wa timu ya wanawake ya hoki ya barafuni, alikuwa mezani na kikombe cha chai. Hakukiweka chini.

"Shemeji, umemvalisha ya kushoto kulia," alisema. "Vifungo vinakaa nje. Ukiviweka ndani vinanasana, mtu anajifunga mwenyewe kama mbuzi wa kupelekwa mnadani."

"Mimi fundi bomba, siyo kipa," alisema Euclide.

"Hata yeye siyo kipa. Haya, dada, lala tena."

Odile akalala tena.

Alikuwa na umri wa miaka arobaini na saba, na kazi yake ilikuwa kukata nyama katika duka la ushirika la Petit-Ours, mji wetu wa kiwanda cha karatasi kaskazini mwa Ontario. Tangu utotoni alikuwa akitazama hoki akiwa amesimama nyuma ya goli, mahali ambapo watu hawapendi kusimama kwa sababu wavu huwazuia kuona. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini. Majira yale ya baridi kiwanda kilizima mashine ya pili, kipa wa akina Josette akamfuata mumewe migodini, na viongozi wa ligi wakatangaza kwamba timu isiyo na kipa ifikapo Jumamosi ya kwanza ya Desemba itafutwa. Kwetu kumpata kipa ni kazi ngumu. Kila mtu anataka kufunga, kugongwa hakuna anayetaka, na ndiyo maana kipa halipii ada ya uwanja wa barafu wala hanunui bia. Josette alikuja dukani kununua soseji, akawa analalamika, na Odile akaweka kisu chini. "Nitasimama mimi," alisema. Alilisema kama mtu aliyelifikiria jambo hilo kwa miaka thelathini, na kweli alikuwa amelifikiria.

Viatu vya barafu alinunua vipya. Vifaa vingine alivipata kwa bibi Florida Gamache, dada wa marehemu Aurore, aliyekuwa kipa zamani. Florida alivishusha kutoka darini: kinga za miguu za ngozi ya farasi zilizojazwa manyoya ya kulungu, glavu ya kudakia, ngao ya mkono wa pili, na kizibao cha kifuani kilichoshonwa kwa blanketi nzito la sufu linalotumika kwenye mashine za karatasi. Aurore alikishona mwenyewe. Mishono yake ilikuwa imenyooka, na haikuwa imeachia hata mmoja.

"Kofia na wavu wa uso nunua mpya, mwanangu," alisema Florida. "Dada yangu hakuwa navyo. Enzi zile walisimama uso wazi, na pua yake ilivyopinda uliiona mwenyewe."

"Naikumbuka, shangazi."

"Hizi za miguu zina ukaidi kidogo siku ya Jumamosi. Siku nyingine hazina neno."

Jioni ile ile, ilipofika saa kumi na mbili, Odile alikuwa amesimama katika chumba cha chini ya nyumba akizoea uzito. Kisahani cheusi cha mpira mgumu, kile kinachochezewa hoki, kilitoka ukutani nyuma ya tanuri la kupasha nyumba joto, kikamgonga kwenye ugoko wa kulia. Kilikuwa cha baridi, na chenga za barafu zilikuwa bado zimekigandia. Kikaja kingine, na kingine. Euclide alisikia kishindo, akashuka, akaangalia vinatokea wapi, kisha akaanza kuhamisha chupa za bitiruti za siki zisije zikavunjika.

"Vitakuja mpaka saa ngapi?" aliuliza.

"Sijui."

"Supu itapoa."

Vilikoma kabla ya saa moja. Waliviokota, wakavitia kwenye gunia la viazi, wakala supu.

Kuanzia hapo vilikuja kila jioni, Jumatatu mpaka Ijumaa. Odile alipata michubuko mapajani, begani na chini ya kidevu, na dukani alikata nyama akiwa ameegemea meza. Lakini alijifunza. Alijifunza kutofumba macho. Alijifunza kusogea mbele kidogo badala ya kukingoja golini, kwa sababu kisahani ukikifuata huumiza kidogo kuliko kikikufuata. Anayedhani hayo ni madogo kwa mwanamke wa umri wake, baada ya siku nzima ya kubeba nusu ng'ombe, aje ajaribu.

Habari zilifika kwa kinyozi, na kutoka kwa kinyozi zilifika kwa wazee. Wa kwanza kuja alikuwa Lucien Thivierge, nahodha wa timu ya wanaume iliyoleta kombe Petit-Ours mwaka wa hamsini na nane. Alikuja na kiti chake. Akakaa chini ya ngazi, mikono juu ya mkongojo. Kisahani kikatoka ukutani kikiwa juu, upande wa glavu, na Odile akakidaka.

"Hicho changu," alisema Lucien.

Kesho yake alimleta Rosaire Quesnel, na baada yake wakaja wengine mpaka ngazi ikajaa. Kila mmoja alilijua shuti lake, lile alilompigia Aurore enzi zile.

"Hicho changu tena," alisema Lucien. "Nilipenda kupiga juu. Aurore alikuwa anakidaka kama anachuma tufaha."

"Ulipenda kuringa," alisema Rosaire. "Ukikosa unasema barafu mbaya."

"Barafu ilikuwa mbaya kweli."

"Mwaka mzima, mzee?"

Wote walikubali kwamba hawakuwahi kukutana na kipa kama Aurore Gamache. Walilisema wazi, hawakulionea haya. Rosaire alieleza kwamba ukiweza kumfunga Aurore mazoezini, kwenye mechi unafunga huku umelala, na kwamba kombe lile lilipatikana hivyo. Walikuwa wakiondoka wakitembea vizuri kuliko walivyokuja.

Jumamosi ya mwisho ya Novemba timu ilipanga mechi ya kujaribu. Wenzake Odile walipita mbele yake mmoja mmoja wakigonga kinga zake kwa magongo, ya kushoto na ya kulia, kama kila kipa anavyogongwa kabla ya mechi. Kwetu hiyo ndiyo salamu na shukrani, na hakuna maneno yanayoongezwa. Mwamuzi akapuliza filimbi. Kinga zikageuka zenyewe. Odile alitoka golini, akateleza taratibu mpaka mlango wa uwanja, akapita juu ya mkeka, akaingia kwenye kibanda cha vinywaji, akasimama nyuma ya kaunta na kuanza kumimina kahawa.

"Odile, rudi golini," Josette aliita kutoka kwenye barafu.

"Miguu haitaki."

"Basi mimi yangu weka maziwa," alisema mzee mmoja aliyekuwa amesimama karibu.

Wageni walifunga kwenye goli tupu mpaka wakaona aibu, wakaacha. Kahawa ilikuwa nzuri, hilo kila mtu alikiri.

Jumapili Odile alikwenda kwa Florida. Alimkuta bibi yule akimenya viazi, akakaa, akachukua kisu naye akamenya.

"Jumatatu mpaka Ijumaa akina Lucien walimpigia dada yangu visahani mpaka akashindwa kuinua kijiko," alisema Florida. "Jumamosi alisimama golini Donat, mpwa wa meneja wa kiwanda. Aurore walimweka kwenye kahawa. Wote walifanya kazi kiwandani, na yeye alikuwa mwanamke, kwa hiyo hapakuwa na mjadala. Siku ya fainali alimimina kahawa akiwa amevaa kinga zake nyuma ya kaunta, ambako hazionekani, ili Donat akiumia awe tayari."

"Donat aliumia?"

"Hakuumia. Nani angemwumiza? Wale wapigaji walikuwa wamezoea kupiga kwa Aurore, mchezo wote ulikuwa upande wa wapinzani." Florida akakiosha kiazi. "Na mazoezini kinga hazigongwi. Hugongwa siku ya mechi, kwa hiyo zake hazikuwahi kugongwa."

"Wenzangu walizigonga jana."

"Wenzako siyo waliompigia yeye visahani."

Josette alijitolea kwenda kuazima kinga za kisasa, nyepesi, katika mji wa jirani. Odile alikataa. Alisema amejifunza kusimama ndani ya hizi, na kwamba mwenye nazo alingoja nyuma ya kaunta maisha yake yote, hivyo hatakuwa yeye wa kuzirudisha darini. Mechi ya kwanza ya ligi ilikuwa Jumamosi iliyokuwa inakuja, dhidi ya Val-Perdu, na timu isiyosimamisha kipa ingefutwa. Josette alimtazama, akasema sawa. Nampenda Josette kwa ile sawa.

Siku ya Jumatatu visahani vilipokoma, Odile alivua kofia na kuwaambia wazee waliokuwa kwenye ngazi kwamba ana maombi mawili. La kwanza, waje Jumamosi wazigonge kinga. La pili, jina la Aurore liwekwe kwenye ukuta wa uwanja, chini ya picha ya kombe. Lucien ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya uwanja, na wengi wa pale ngazini walikuwa wajumbe.

"La kwanza halina shida," alisema Lucien.

"Na la pili, mzee?"

"Ukuta ule ni wa waliocheza mechi, binti yangu. Tukianza kuuchokonoa hatutamaliza."

Rosaire aliviangalia viatu vyake. Euclide alishuka na kuuliza nani anakunywa chai.

Jumamosi uwanja ulijaa. Mwamuzi alipuliza filimbi, kinga zikageuka kama kawaida, na Odile akaanza kwenda. Alikuwa anakaribia mlango wa upande wa kahawa wakati Lucien alipoingia kwenye barafu akiwa na viatu vya mpira, mkono mmoja kwenye mkongojo na mwingine kwa Rosaire. Nyuma yao walifuata wenzao, wameshikana mikono wasianguke. Lucien aliinama kwa shida. Akagonga kinga ya kushoto kwa mkongojo, kisha ya kulia. Rosaire akagonga. Wote wakagonga, mmoja baada ya mwingine, na ilichukua muda kwa sababu wengine walikuwa na nyonga za chuma. Mwamuzi alingoja. Watu wa Val-Perdu walingoja.

Kinga zilisimama. Manyoya machache ya kulungu yalitoka kwenye mshono, yakakaa juu ya barafu. Halafu zikageuka, zikamrudisha Odile golini kwa kasi ambayo hakuwahi kuteleza nayo, na hazikutoka tena.

Niseme tu kwamba alikuwa mzuri. Alianguka vibaya na kuinuka vibaya, gongo lilimponyoka mara kadhaa, na goli moja lilipita katikati ya miguu yake pole pole huku sote tukiliona. Lakini hakufumba macho. Mwishoni, tukiongoza mbili kwa moja, mchezaji wao mrefu, muuguzi wa zamu ya usiku, alibaki peke yake mbele yake na kupiga juu, upande wa glavu. Odile alikuwa ameshasogea mbele. Akakidaka kama anachuma tufaha, na niliwaona wazee wakitazama mbali.

Siku ile hakuna aliyemimina kahawa. Watu walikwenda nyumbani bila kunywa na hawakulalamika. Wakitoka walipita chini ya picha ya kombe, ambamo Donat amekaa katikati na pua yake iliyonyooka, na chini yake yameandikwa majina yote.

Kamati ya uwanja ilikutana katikati ya juma. Wajumbe walikubaliana kwamba kinga zimeshagongwa, na mbele ya watu, kwa hiyo jambo limekwisha. Ukuta ukabaki ulivyo. Mtu alitumwa kuifuta vumbi fremu.

Jumatatu iliyofuata, saa kumi na mbili jioni, Odile alikuwa chini ya nyumba, vifungo nje, kofia kichwani. Wazee walikuwa kwenye ngazi. Visahani vikaanza kuja. Kimoja kilikuja juu, upande wa glavu, na Odile akakidaka.

"Hicho changu," alisema Lucien.

Odile hakukitia kwenye gunia. Alikwenda nacho mpaka kwenye kiti cha mzee, kinga zikigongana, akakiweka mkononi mwake. "Basi chukua, mzee. Ni chako."

Lucien alikishika juu ya magoti mpaka mazoezi yakaisha. Maji ya barafu yalimlowesha suruali. Saa ya kuondoka aliinuka, akavaa koti, akamsifu Odile kwa mguu wake wa kushoto, akapanda ngazi. Kisahani alikiacha juu ya kiti. Euclide alikiokota na kukitia pamoja na vingine, kwa sababu kesho vitakuja tena, na gunia lilikuwa bado lina nafasi.