Kanga Isiyopindwa

Shemsa hakuwa mtu wa maneno mengi. Shangazi yake, Bi Mize, alizoea kumwambia, "Wewe mwanangu, macho yako hula kabla ya mdomo." Na asubuhi ile, katika studio ya Msabah kule Mkunazini, macho hayo yalipata cha kula.

Walikwenda kupiga picha ya posa. Simai, kijana aliyefanya kazi bandarini Mombasa, alitaka kuiona sura ya mchumba kabla ya kutoa neno la mwisho. Lakini picha ingepitia kwanza mkononi mwa mama yake, Bi Sichana wa Kiembe Samaki. Bi Sichana asiporidhika, haifiki Mombasa, na posa imekufa.

Picha ya kwanza ilikwenda vyema. Msabah alimkalisha Shemsa kitini, akamwuliza jina, akamwuliza kwao, akamtania kidogo mpaka mabega yakalegea. Akaisogeza taa, akatazama, akaisogeza tena, kisa kivuli kidogo tu chini ya pua. Gauni lilikuwa limejikunja begani. Msabah hata hakuliona.

"Nitazame mimi, Bi Shemsa. Isahau kamera. Ehe, hivyo hivyo."

Kacha!

"Sasa," Msabah akasema huku akipangusa jasho, "nna zawadi yenu. Nampiga nyengine, bure, na kanga mpya nampa mimi avae."

"Bure!" Bi Mize akacheka mpaka jino lake la dhahabu likaonekana. "Mwanangu, leo una nyota."

Shemsa hakucheka. Cha bure nacho kina mwenyewe, alijisemea.

Nyuma ya pazia, vidole vyake vilishtuka kabla yake. Kanga ilikuwa ngumu kwa wanga wa dukani, na kingo zake hazikupindwa. Zilikuwa nyuzi tupu. Nani huvaa kanga isiyopindwa? Hata fukara hutafuta uzi na sindano akaipinda kwanza. Kanga isiyopindwa bado haijawa ya mtu. Ni ya duka. Kisha akasoma jina la kanga, yale maneno yaliyoandikwa chini yake kwa herufi kubwa nyeusi: NIMETULIA SINA HABARI NANYI.

Mama mkwe atumiwe maneno hayo hata ndoa haijafungwa? Alimchungulia shangazi yake. Bi Mize alikuwa hodari wa kusoma msahafu, lakini herufi za kizungu hakuzijua. Kwake yale yalikuwa mapambo tu. Shemsa akanyamaza, akatoka, akatazama.

Msabah alikuwa amegeuka mtu mwengine. Taa ameishusha mpaka kiunoni. "Bi Mize, hebu ibane kwa nyuma na pini hizi, ikae sawasawa. Simama, binti. Tandaza mkono. Maneno yasikunjike! Kidevu pembeni, kule, ukutani."

Binti! Na sasa hivi tu alikuwa Bi Shemsa.

Kacha! Kacha!

"Mbona huniambii nikutazame?" Shemsa aliuliza.

"Hapana haja."

Hapo ndipo alipoivuta kanga ya juu, ile ya mabegani, akajifunika uso gubigubi, lisionekane hata jicho. "Haya, piga."

"We mtoto!" Bi Mize akaruka. "Picha gani hiyo ya posa?"

Lakini Msabah, jicho liko kwenye kamera, alikuwa amefurahi. "Ehe! Papo hapo! Usitikisike, maneno yamenyooka!"

Kacha!

Shemsa hakujifunua.

"Shangazi," Shemsa akasema kutoka ndani ya kanga, "umepata kuona mtu kupigwa picha ya sura bila ya sura?"

Bi Mize alimgeukia Msabah polepole. "Picha hii ya nani?"

"Ya Shemsa, Bi Mize."

"Ya Shemsa ni ile ya kwanza. Nnakuuliza hii."

Msabah akajikuna shingo. "Hii ya kanga. Tajiri mmoja wa Darajani kaleta mzigo mpya, ataibandika dukani kwake, kubwa hivi. Hizi ndizo picha za siku hizi! Ile nyengine unampiga mtu, nguo inamsindikiza. Hii unapiga nguo, mtu ndiye anayesindikiza. Ningekwambia, ungekataa."

"Ningekataa, naam! Na kanga yenyewe imeandikwa nini?"

Shemsa akamsomea.

"Lahaula!" Bi Mize alishika kifua. "Bi Sichana hakosi kupita Darajani! Amwone mkwe wake ukutani anamwambia hana habari naye! Fungua kamera hiyo."

"Nikifungua nuru itaingia, picha zote ziungue. Na ya posa imo humo humo. Niachieni, nitawatolea ile moja tu, wallahi."

Bi Mize akasita. Ile ya kwanza ilikuwa nzuri, wote waliihisi. Shemsa alikuwa anautazama mlango wa chumba cha giza, kule picha zinakosafishwa. Mle ndani nani angemchunga Msabah?

"Na ziungue," Shemsa alisema.

Msabah akafungua, uso umemwiva, akauvuta mkanda wa picha ukaning'inia penye nuru ya dirisha.

"Sasa tia mwengine," Shemsa akasema. Alikuwa ameshavaa gauni lake, ameshakaa kitini. "Unipige mimi."

Safari hii Shemsa hakuyatoa macho kwa Msabah, hasa mikononi mwake. "Cheka kidogo, Bi Shemsa," Msabah alimbembeleza. Hakucheka.

Picha ilipofika Kiembe Samaki, Bi Sichana aliishika mbali, kisha akaileta karibu na pua.

"Huyu anamtazama nani hivi, kama kaibiwa kuku?"

"Mpiga picha," Bi Mize akajibu. "Alikuwa akimchunga."

Bi Sichana akaitazama tena picha. Halafu akapumua.

"Mwanangu Simai anaamini kila mtu. Bandarini wamemwibia hata viatu vya mguuni." Akaitia picha ndani ya bahasha, akailamba, akaibandika. "Mngojee hodi zetu, Bi Mize. Nyumba yake itataka mtu wa kutazama."