Shingo ya Kaka

Mimi sipendi kufundishwa kazi. Nimeshika wembe wa kukunja miaka ishirini na sita, na wateja wenyewe ndio walionibandika jina la Kioo, maana shavu likitoka mikononi mwangu hata nzi akitua anateleza. Kwa hiyo kaka yangu alipoingia saluni mchana ule, akaketi kitini na kusema, "Leo utaninyoa ninavyotaka mimi," kidogo nimwonyeshe mlango.

Sikumwonyesha. Nilikuwa na kosa, na wote wawili tulilijua.

Kaka alikuwa na uvimbe shingoni, chini ya taya, ukubwa wa limau dogo. Madaktari walitaka kuutoa wajue ni kitu gani, na hilo "kujua ni kitu gani" lilitosha kutunyima usingizi familia nzima. Sharti lao lilikuwa moja: aje shingo imenyolewa, ngozi haina kidonda wala kipele. Nikasema, hilo tu? Nikamnyoa kama bwana harusi. Nilifuata nywele zinavyolala, nikarudi kinyume, nikarudi kinyume tena, nimeivuta ngozi mpaka machozi yanamtoka, kisha nikampiga spiriti kwa sababu aliyenifundisha alikuwa akisema isipowasha haijasafisha. Asubuhi shingo ilikuwa nyekundu, imejaa vipele. Daktari aliitazama mara moja tu, akamrudisha nyumbani.

Mara ya pili kaka alinikasirikia, akajinyoa mwenyewe kwa maji baridi na sabuni ya kufulia. Ngozi ikakauka, ikapasuka, ikaanza kubanduka. Akarudishwa tena. Wiki saba zikapita hivyo, na uvimbe haukutusubiri, ulizidi kukua. Sasa miadi ya tatu ya upasuaji ilikuwa kesho yake, na akirudishwa tena angewekwa mwisho wa foleni ya miezi.

Alinipa karatasi. Mwandiko ni wa shemeji, mke wake, maelekezo ya nesi. Nikasoma: maji ya moto kwanza, povu jingi, wembe upite mara moja tu, usirudi kinyume, spiriti hakuna.

"Mara moja? Utatoka na vishina vya ndevu," nikamwambia.

"Nitoke navyo."

"Watu watauliza nani kakunyoa."

"Nitawaambia sikujui." Akaangalia mikono yake. "Mdogo wangu, naogopa."

Tangu tuwe watoto sijawahi kumsikia akisema neno hilo. Nikafunga domo langu nikachemsha maji.

Nikamwekea taulo la moto shingoni na kumwacha. Mimi sijui kusubiri, jamani, lakini nilisubiri mpaka ndevu zilainike. Wembe niliunoa kwenye ukanda wa ngozi taratibu, maana wembe butu hukwaruza na ndio unaoleta vipele. Povu nikalikoroga zito, nikalisugua kwa brashi mpaka likaingia kila mahali. Kisha nikapapasa kwa kidole kabla ya kugusa kwa chuma. Kuzunguka uvimbe nywele zilikuwa zimelala kuelekea sikioni. Miaka yote hiyo nimemnyoa ndugu yangu wa tumbo moja, sikuwa nimeligundua. Nilikuwa nikizifyeka tu.

Nikapita kwa mkono mwepesi, nikiuacha wembe ujiendee kwa uzito wake. Roho mkononi. Nilipofuta povu, chini ya taya palikuwa pamebaki vishina, vinaonekana kabisa. Mkono ukainuka wenyewe kurudi juu. Mteja mmoja kwenye benchi alikuwa akitazama, na mimi nina jina la kulinda. Kwenye kioo nikaona kaka amefumba macho, kidevu juu, amenikabidhi shingo nzima.

Nikaukunja wembe. Nikamwosha kwa maji baridi, nikamkausha kwa kumgusagusa bila kusugua, na ngozi ikiwa bado na unyevu nikampaka mafuta mepesi yasiyo na manukato. Akaondoka.

"Kioo, leo umechoka?" mteja akanitania.

"Akili ni nywele, kila mtu ana zake," nikamjibu. "Haya, zamu yako, kaa."

Kesho yake sikufanya kazi ya maana. Saa tisa mchana simu ikalia, nami nina mtu kitini. Alikuwa shemeji.

"Wamemaliza," akasema. "Daktari kasema lilikuwa donge la mafuta tu. Kaka yako ameshaamka, anaulizia chai."

Nilishusha pumzi ambayo nadhani niliibana wiki saba. Nikaegemea ukuta.

"Na shingo? Hawakulalamika?"

Shemeji akashusha sauti. "Usikasirike, shemeji. Daktari alipitisha kidole, akauliza ni kinyozi gani mvivu hivi, ameacha vishina. Halafu akasema ngozi ni nzima, apelekwe ndani."

Kwa maneno kama hayo nimewahi kugombana na mtu mpaka barabarani.

"Rudia," nikasema.

"Kwamba apelekwe ndani?"

"Hapana, shemeji. Hapo pa mvivu."

Akarudia, safari hii akicheka, na mimi nikalia palepale mbele ya mteja, wala sikuona haya.