Chupa za Mama Mkwe

Mwokaji hakuwa na hamu ya kusafiri na wifi yake. Si kwamba waligombana. Kugombana kungekuwa nafuu, maana waliogombana hupatana. Wao walikuwa wakiheshimiana tu tangu siku ya harusi, na heshima yenyewe ilishakauka kama mkate wa juzi. Wifi mtu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mjane, mwenye sauti ya kunyoosha mistari ya watoto uwanjani, na hata alipokuja kula kwa kaka yake aliendelea kusahihisha: vikombe vikae huku, neno hilo halisemwi hivyo. Mwokaji, ambaye duka lake la mikate lilimwamsha alfajiri siku zote, alikuwa akijibu "sawa, wifi," kisha anakwenda jikoni kuzungumza na masufuria.

Sasa mwalimu mkuu akashinda bahati nasibu ya chama cha walimu: safari ya wiki moja katika meli ya kitalii, watu wawili, chumba kimoja, pamoja na tiketi za ndege za kwenda bandarini na kurudi. Hakuwa na wa kwenda naye. Kaka yake, dereva wa lori asiyejua kukaa na jambo moyoni, akasema mezani mbele ya wote kwamba amchukue mke wake, amechoka kukaa mbele ya oveni. Mwalimu mkuu akatazama sahani yake. Mwokaji naye akatazama ya kwake. Hakuna aliyewahi kupata sababu ya kukataa, na shauri likawa limekwisha.

Walipokuwa wakijiandaa kuondoka, mama mkwe alimwita Mwokaji chumbani kwake akafunga mlango. Alikuwa bibi mwembamba, mpole, ambaye ukoo mzima uliamini hajawahi kuonja kitu kikali kuliko chai. Alizungumza kwanza habari za magoti yake, kisha za jirani, ndipo akafika alikotaka. Zamani, marehemu mumewe alipokuwa mtunza stoo wa hoteli, alirudi nyumbani jioni moja na pombe tamu ya machungwa, rangi ya asali, kidogo tu, chini ya chupa. Waliinywa wawili kwa kikombe kimoja. Hakuisahau. Na amesikia kwamba kwenye meli vitu kama hivyo vinauzwa.

"Niletee chupa moja tu, mwanangu," alisema. "Na yule binti yangu asijue. Atanihutubia mpaka nizikwe."

Mwokaji nusura apaliwe kwa kicheko, lakini aliahidi.

Melini alisubiri mpaka wifi yake alipokwenda kwenye mazoezi ya viungo, akashuka mbio dukani, akaipata chupa, akalipa. Msichana wa dukani akamweleza kwamba chupa hazitolewi mkononi. Zinawekwa kando na kuletwa chumbani siku ya mwisho, la sivyo abiria wangezimaliza huko huko juu. Mwokaji aliitikia kwa kichwa bila kufikiri. Alipofika kwenye ngazi ndipo akili ikamrudia: chumbani, ambako kuna watu wawili.

Siku ya mwisho, baada ya chakula cha mchana, akasema kichwa kinamuuma na atabaki chumbani. Ajabu ni kwamba mwalimu mkuu naye kichwa kilikuwa kikimuuma. Wakakaa, kila mmoja kwenye kitanda chake, kila mmoja akimhimiza mwenzake atoke nje apate hewa. Mlango ulipogongwa waliinuka pamoja wakagongana mabega. Mhudumu akatabasamu, akawakabidhi mfuko wa plastiki uliofungwa kwa utepe mwekundu, akawaambia ni mzigo wa chumba hicho, chupa tatu.

Mwokaji alijua fika kwamba yeye alinunua moja.

Mlango ulipofungwa, mwalimu mkuu aliuweka mfuko juu ya meza, akasimama kama mtoto aliyekamatwa akichungulia daftari la jirani.

"Moja ni ya mama," alisema. "Aliniomba nisikwambie. Alisema utamwona mlevi."

"Mimi nimwone mlevi? Kaniagiza na mimi, wifi. Akasema wewe ndiye usijue."

"Kwa hiyo za mama ni mbili."

"Na ya tatu?"

Mwalimu mkuu aliitazama chupa ya tatu kana kwamba ni mtoto wa watu. "Hiyo ni yangu," alisema. "Huwa nakunywa kidogo Jumamosi, nikishamaliza kusahihisha mitihani."

Mwokaji akakaa kitandani. Alitaka kusema neno la busara, likakosekana, kikaja kicheko. Alicheka mpaka akajifunika mto. Wifi yake hakucheka, lakini alikaa kwenye ukingo wa kitanda hicho hicho, jambo ambalo hakuwahi kulifanya wiki nzima.

Kesho yake uwanja wa ndege ulijaa watu wa meli. Masanduku makubwa waliyakabidhi kaunta mapema, na chupa wakabaki nazo mkononi. Mwalimu mkuu alisema kwenye sanduku zitavunjika, na Mwokaji akaunga mkono, kwamba ameona watu wengi wakipita na mifuko yenye utepe kama ule. Wote wawili walikuwa na hakika. Askari wa ukaguzi aliuinua mfuko, akatikisa kichwa. Akawaeleza kwa upole wa mtu aliyeshasema maneno hayo tangu asubuhi kwamba huo ni mfuko wa meli, si wa duka la uwanjani, na hauruhusiwi kuingia ndegeni mkononi. Ama wazitupe, ama warudi kaunta wakazipakie kwenye mzigo wa chini. Kando yake pipa lilishajaa chupa, likapendeza kama kabati la baa. Mzee mmoja wa meli ile ile alikuwa ameona njia ya tatu: amekaa kwenye benchi na chupa yake, anakunywa harakaharaka huku machozi yanamtoka.

Mwalimu mkuu akamshukuru askari, akauchukua mfuko, akageuka kurudi, shingo imenyooka, akiipasua foleni ya watu kama anakagua paredi. Mwokaji akamfuata.

Karani wa kaunta hakuwa mtu mbaya. Alisema anaweza kupokea begi moja zaidi, ila uzito uliobaki kwenye tiketi zao ni mdogo. Wakaweka chupa kwenye begi la mkononi la Mwokaji, lililokuwa na nguo za wote wawili, wakaliweka kwenye mizani. Likazidi. Wakatoa viatu, likazidi. Begi la pili lilikuwa limeshiba zawadi, hata leso haiingii. Wakatazamana, wakapiga magoti sakafuni pale pale mbele ya watu, wakaanza kuvaa. Mwokaji alivaa gauni juu ya gauni, sweta juu yake na sketi shingoni kama shali. Mwalimu mkuu alivaa alichoweza, akamalizia na koti. Alichobakiza ni gauni lake la bluu, lile alilovaa kwenye karamu ya nahodha, na hilo alilitumia kuzifunga chupa, polepole, kama anamvika mtoto mchanga.

Ndani ya ndege walikaa wamebanana, mikono haikunjiki. Jasho lilikuwa likiwatiririka. Ndege iliposhika usawa, mwalimu mkuu aliuliza bila kugeuka, maana hakuweza kugeuka, "Wifi, nimevaa magauni mangapi?"

"Manne, na koti."

"Najiona kama kabichi."

Alianza kucheka kwa ndani, koti likapanda na kushuka, kisha sauti ikatoka, sauti nene ambayo Mwokaji hakujua kama ipo. Abiria wa dirishani akaomba kuhamishiwa kiti kingine.

Walipofika, begi lilitanguliwa na harufu yake. Lilikuja kwenye mkanda wa mizigo likiwa limelowa kona moja, na watu wakasogea kando. Wakalibeba mpaka forodha, ambako bango liliandikwa chupa moja kwa kila mtu mzima. Ofisa kijana aliinua macho, akaona magauni, akaona koti, akaona begi linalodondosha, halafu akaona uso. Akasimama wima.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umekua."

Ofisa akasafisha koo. "Mwalimu, samahani, humu mna chupa ngapi?"

"Tulianza na tatu."

"Ruhusa ni moja kwa mtu. Nanyi mko wawili."

"Hesabu hiyo nilikufundisha mimi. Fungua uone."

Akafungua. Chupa mbili za machungwa zilikuwa nzima. Ya tatu, ya Jumamosi, ilikuwa imekatika shingo, na gauni la bluu lilikuwa limelewa chakari. Ofisa aling'ata midomo mpaka ikapauka.

"Na ya tatu, mwalimu?"

"Imeshanywewa na gauni."

"Basi mko sawasawa," alisema, akalifunga begi kwa heshima zote.

Mwokaji aliona wifi yake akilitazama lile gauni, na ikamuuma kuliko alivyotegemea. Wakiwa njiani kutoka akamwambia achukue moja kati ya zile mbili, mama hatajua. Mwalimu mkuu akakataa, akasema mama ameahidiwa. Nje, dereva wa lori alikuwa akiwasubiri na gari la kuazima. Aliwakumbatia, akanusa, akauliza ni harufu gani hiyo. "Manukato," walijibu wote kwa pamoja, ingawa hawakuwa wamepanga. Akaendesha madirisha wazi mpaka nyumbani.

Waliingia chumbani kwa mama mkwe wote wawili, wakafunga mlango. Bibi alipoona mabinti wamesimama bega kwa bega, kila mmoja na chupa yake, alijua amekamatika. Alifikiria kidogo habari ya kujifanya amezimia, akaiacha.

"Kwa nini utuagize wote, mama?" Mwokaji aliuliza.

"Mmoja angeweza kusahau," alisema. "Na nyie mlikuwa hamzungumzi. Nikaona siri yangu iko salama."

Mwalimu mkuu akaenda kuleta vikombe, na mara hii hakumwambia mtu vikae wapi. Bibi alionja, akafumba macho. Akasema si kama ile ya zamani. Ile ilikuwa tamu zaidi. Kisha akasema labda utamu ulikuwa wa kikombe, kwa kuwa walinywea kimoja.

Baadaye akanyoosha mkono aongezewe.

"Ile meli," alisema, "vyumba vyake havina vitanda vitatu?"