Magimbi ya Kapua Yahamia Bafuni

Kapua alikuwa akiparua samaki kwenye sinki la jikoni pale gimbi lake la aina ya Lehua lilipoingia kwa mlango wa nyuma. Alilitambua kwa kitovu chake, pale jani linaposhikana na shina: chekundu, cha kuiva. Aliliambia lifute matope kwanza, kisha akalifungulia maji ya bafu.

Hakulilaumu. Kule juu milimani kampuni ilikuwa imeugeuza mto kwenye mfereji wake, unyweshe nyasi za hoteli, na majaruba yakapasuka kama visigino. Watu wa bonde lile humwita gimbi kaka mkubwa, kwa kuwa alizaliwa kabla yao, na kaka mkubwa akija kwako na kiu hafukuzwi.

Yakafuata mengine. Mana, ambalo kiazi chake hugawanyika matawi. Apuwai, lenye jani la kikombe, likiwa limebeba maji ya mwisho ya mtaro na kuyagawia wenzake njiani. Nyuma kabisa likaja Eleele, lenye shina jeusi, aina ambayo bonde zima alibaki nayo Kapua peke yake. Liliegemea mwimo wa mlango likapumzika kabla ya kuingia.

Kuoga kwa ndoo hakukumsumbua. Kilichomsumbua ni Medeiros, mkaguzi wa maji wa kampuni, aliyekuwa njiani kuja. Shamba lenye magimbi lilikuwa na haki ya mgawo wake wa mto. Shamba tupu halikuwa na haki ya hata tone. Kila jioni Kapua aliyabeba magimbi akayarudisha jarubani, akayapanda upya, na chai ya asubuhi ilimkuta akiyapisha tena mlangoni. Aliyabembeleza. Yalikuwa yamechoka. Naye pia.

Dada yake, Nohea, alimshauri aache kujitesa, amweleze Medeiros ukweli usoni, hata ikibidi kwa matusi. Kapua akayapanga maneno yake huku akiponda poi, uji mzito wa gimbi la kuchemshwa, kwa magimbi yaliyovunwa kabla mto haujakatwa.

Medeiros alifika wakati wa kula. Kapua, kwa mazoea tu, akamvutia kiti na kufunua bakuli la poi. Nohea akafumba macho. Bakuli la poi likiwa wazi, kaka mkubwa yupo mezani, na mbele yake watu hawagombani. Medeiros alizaliwa bonde hilohilo. Akachovya kidole, taratibu.

"Nimepita shambani, Shangazi," akasema. "Tupu."

"Wako bafuni."

"Nimewaona dirishani. Wamependeza. Yule mweusi si Eleele? Bibi yangu alikuwa naye." Akalamba kidole. "Ila sheria imesema jarubani. Bafuni haijasema."

"Maji yakirudi, watarudi."

"Na wao wakirudi, maji yatarudi. Mimi natumwa tu, Shangazi."

Kapua alilitazama bakuli lililo wazi. Alimchukia mtu yule kwa moyo wake wote, akamsogezea samaki na chumvi. Medeiros alikula mpaka jua likagusa mlima. Kila poi ilipokaribia kuisha, bakuli lilijaa tena, maana kaka mkubwa hamnyimi mgeni, hata mgeni wa namna ile. Mwishowe akashukuru, akasifu poi, akaondoka na gari lake kwenda kuripoti shamba tupu.

Kapua akalifunika bakuli. Akaenda kuketi ukingoni mwa bafu, akayasema yote aliyoyapanga: mto, nyasi za hoteli, umri wake, mgongo wake. Magimbi yalimsikiliza mpaka mwisho. Apuwai likainamisha jani, likamnawisha mikono, kwani bado ilikuwa na poi.

Mlango wa nyuma ukagongwa. Lilikuwa gimbi la jirani wa upande wa juu, kitovu kimejaa vumbi. Kapua akasogeza ndoo, akalipisha.