Jozi ya Buluu, Jozi ya Kahawia

1

TANGAZO

Shule ya Msingi ya Viziwi Njiwani

Wazazi wote mnaarifiwa kwamba vipindi vya Hisabati vya Darasa la Saba, vinavyofundishwa kwa njia ya skrini, vimesitishwa kuanzia leo kutokana na hitilafu ya nyaya iliyojitokeza baada ya kufungwa kwa swichi mpya ya mtandao. Fundi aliyezilaza nyaya hizo atafika shuleni mara moja kutoa maelezo. Mtihani wa taifa HAUJAAHIRISHWA.

Tunaomba radhi kwa usumbufu.

2

Fundi mwenyewe ni mzazi. Ni Nyamizi, mjane, mama yake Milembe wa Darasa la Saba. Alilisoma tangazo getini, ngazi begani. Fundi aliyezilaza! Kwani jina lake hawalijui?

Mwalimu wa Hisabati anayeijua lugha ya alama waliyempata ni mmoja tu, Mwalimu Tumsifu, naye yuko Dodoma. Mikono yake ndiyo inayofika hapa kwa waya. Mikono ikiganda, somo limekufa, maana mtoto kiziwi hawezi kusikiliza sauti huku akisubiri picha irudi. Milembe na wenzake wamelitungia ishara jambo hilo: mikono miwili juu, vidole wazi, macho yametumbuliwa, tuli. Maana yake, *ameganda*. Wakiifanya wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Tangu swichi mpya ifungwe, mwalimu hagandi tena. Haonekani kabisa.

3

*(Jikoni shuleni. Wapishi wawili, mlango wazi.)*

— Hiyo swichi ya wafadhili imekuja na mkosi.

— Mkosi wapi! Nyaya za Mama Milembe ndizo mbovu.

— Hakuzivuta peke yake. Alivuta na mtani wake, yule Kondo wa kibanda cha intaneti hapo nyuma.

— Basi kama zingekuwa mbovu, Kondo si angeona?

6

Hujaruka ukurasa, msomaji. Kipimo cha Nyamizi ndicho kilichoruka.

Ndani ya waya mmoja wa mtandao mna nyuzi nane za shaba, zimesokotwa mbili mbili: jozi ya machungwa, ya kijani, ya buluu, ya kahawia. Unachomeka kipimo huku na kule, na taa zinawaka kwa namba zake.

1

2

3

 

 

6

Basi. Ya buluu na ya kahawia hazikuwaka.

Swichi ya zamani ilikuwa mpole, ikitosheka na jozi mbili. Hii mpya ni ya giga, ya kasi kubwa, na giga haina mchezo: inataka jozi zote nne, zipeleke na kurudisha kwa wakati mmoja. Lakini tazama ujinga wake. Hodi yenyewe inapigwa kwa jozi mbili tu. Ncha mbili zinasalimiana, zinakubaliana kubeba mzigo wa watu wanne, zinainama kuubeba, na wawili hawapo. Taa inazimika. Zinaanza salamu upya.

Hodi.

Karibu.

Hodi.

Karibu.

Kutwa nzima.

Na Nyamizi alizivuta nyuzi nane. Anakumbuka vizuri, yeye akiwa darini na Kondo chini. "Vuta, Mnyamwezi! Si mlizoea kubeba mizigo nyie?" Naye akijibu, "Sukuma, Mzaramo mvivu we! Ingekuwa ngoma ungeshafika!" Walipima pamoja, na taa zote zikawaka.

4

Buluu.

Alipanda darini. Juu ya stoo, ganda la waya lilikuwa limechanwa. Machungwa na kijani zimeachwa ziende darasani. Buluu na kahawia zimekatwa, zikaungwa na waya mwingine unaotokea kwenye tundu la ukuta wa nyuma. Kiungo kimeviringishwa utepe mweusi, na ncha ya utepe imechanikachanika.

Nyamizi anamjua mtu mmoja tu asiyekata utepe kwa mkasi. Anautafuna. Amemgombeza kwa hilo tangu waanze kazi pamoja: "Mtani, utameza gundi ufe, nani atanichekesha?"

Ng'ambo ya ukuta ule ni kibanda cha Kondo.

5

Siku ya kumzika mume wa Nyamizi, Kondo alishuka kaburini akalala chali, akaapa hatoki mpaka apewe koti la marehemu. Ndivyo watani wanavyofanya. Alipopewa akalivaa, akatembea kama marehemu, mguu mmoja ukiburuta, na waombolezaji wakacheka huku wanalia. Milembe, mdogo wakati ule, alicheka pia. Nyamizi alifikiri siku hiyo hatacheka kamwe, akacheka.

Baadaye Kondo akajifunza lugha ya alama kwa Milembe mwenyewe, ili tu aweze kumtania. Hakuna ndugu wa damu aliyejisumbua hivyo. Nyamizi alimpenda kwa jambo hilo kuliko alivyowahi kumwambia.

7

*(Ujumbe wa sauti.)*

"Mtani wangu, nasikia umepanda darini. Sasa ndo ninuniwe? Mimi na wewe tangu lini tukashtakiana? Zile jozi zilikuwa zimekaa bure, hazina kazi yoyote! Nikasema, aah, nachukua kwa mtani. Marehemu angecheka, wallahi. Ningejuaje kama wataleta hilo jiswichi? We mwambie Mkuu ni panya. Panya wanatafuna nyaya, nani atabisha? Halafu Jumapili nakuja, mwambie Milembe nina"

Umekatika hapo.

Mtani huchukua, ndiyo. Huingia jikoni kwako akabeba sufuria na wali wake, na huna pa kushtaki. Lakini hubeba mbele za watu, akipiga kelele, ili wewe umtukane na watu wacheke. Utani haupandi darini. Haujifuniki utepe. Kondo alimwibia mtoto aliyemfundisha kuongea kwa mikono, kisha akaja kula kwao Jumapili baada ya Jumapili.

"Mwizi," Nyamizi alisema, peke yake stooni. Neno lilimuuma yeye kwanza.

8

Kahawia ndiyo aliyoiunga mwisho.

Taa ya swichi ikawaka, ikatulia. Darasani Mwalimu Tumsifu akatokea, mikono yake ikitiririka, na watoto wakapiga madawati kwa furaha. Ng'ambo ya ukuta mtu akafoka, "We Kondo, mbona mtandao umekata?"

Simu ikaanza kutetemeka mfukoni mwa Nyamizi.

"Haya, Mama Milembe," Mwalimu Mkuu alisema, kalamu mkononi. "Nini kilikuwa kimetokea?"

"Ilikuwa ni..."

 

Milembe alichomoka darasani, akamvuta kanga. *Baba Mdogo Kondo anakuja Jumapili?*

Nyamizi aliinua mikono amjibu. Ikafika kifuani, ikasimama hapo, vidole wazi.

Milembe alisubiri. Kisha akacheka, akainua yake miwili juu, akatumbua macho, tuli.