Matawi ya Barabara ya Nzega

Mume wangu Justus ana mapenzi mawili, mimi na Pijo lake, na kama hutaki ugomvi usimwulize yapi yalitangulia. Ni Pijo la zamani, rangi ya maziwa, lenye safu tatu za viti. Limebeba maharusi wa nusu ya parokia yetu na wagonjwa wa mtaa wetu wote wa Chemchem, hapa Tabora, bila kumwuliza mtu dini yake. Watoto wa mtaa wanamwita Babu Pijo, na yeye hufurahi kama amepewa uaskofu.

Sasa Pijo lilikuwa uani, limevutwa hapo kwa kamba. Pua imeingia ndani, kioo cha mbele hakuna, na kuku wangu wameanza kutagia kwenye kiti cha nyuma. Tulikuwa tunarudi kutoka Nzega, kwenye kipaimara cha mjukuu, mchana kweupe, tukaligonga lori lililoharibika njiani. Trafiki alimtia hatiani dereva wa lori kwa kuliacha nusu kwenye lami bila pembetatu ya kuonya. Watu wa bima ya lori wakaja, wakalizunguka Pijo wakitikisa vichwa, wakasema halitengenezeki tena. Wao wachukue mabaki, sisi tulipwe thamani yake. Au tubaki nalo, malipo yapungue. Walitaka jibu Jumatatu.

"Nabaki nalo," alisema Justus, hata chai hajamaliza.

Fundi Samweli akagonga bodi kwa ngumi. "Fundi hashindwi, mzee. Igalula kuna Pijo jingine bovu. Nakata pua yake, nachomelea hapa."

"Na shingo yangu utaichomelea na nini?" nilimuuliza. Nilikuwa bado siwezi kugeuka kulia.

Wote wakabishana juu ya bodi, rejeta na vipuri. Mimi gari halikuninyima usingizi. Yule dereva wa lori hakuwa na pembetatu, kweli, lakini alikuwa amekata matawi mabichi akayatandika barabarani, kama afanyavyo kila aliyeharibikiwa. Niliyaona kutoka mbali. Justus aliyapanda. Yakavunjika chini ya magurudumu, naye akasema, "Nani kamwaga kuni barabarani?"

Nikapiga kelele, "Baba Leonia, lori!"

Akaniuliza, "Lori lipi?"

Trafiki alinihoji na mimi. Nikamwambia shingo inauma.

Nyumbani nilimwambia mume wangu twende akapimwe macho. Akasema macho yanayosoma misale Jumapili hayana haja ya kupimwa. Misale yenyewe ameihifadhi yote kichwani! Ningeweza kumwambia amezeeka, amekuwa mkaidi, anakoroma, hayo nimeshamwambia. Lakini kumwambia mtu yule kwamba haoni, ni kumvua nguo mbele ya watu wote aliowabeba. Nilimwonea huruma na nilimwogopa, vyote kwa pamoja.

Halafu binti yetu Leonia akapiga simu kusema anahamia Tabora na mwanawe Minza. Justus akaninyang'anya simu. "Minza nitampeleka shule mimi mwenyewe, kila asubuhi!"

Siku hiyo hiyo nilijifunga kitenge nikaenda kwa Kornel.

Kornel ni mstaafu wa reli, Mgogo, mtani wetu. Wanyamwezi na Wagogo wanataniana tangu babu zetu wakipita Ugogo na mizigo kwenda pwani, na kwa mtani hakuna kukasirika. Msibani atamwigiza marehemu hadi mjane acheke, na akishika kitu, ni chake mpaka ukikomboe. Nilimsimulia yote. Akaacha utani, na Kornel hutania hata kanisani.

"Gari limekufa, si ndiyo?" alisema mwishowe. "Basi nitakuja kuzika."

Jumamosi alikuja amejifunga kanga kiunoni, matawi begani, analia kwa sauti, "Pijo mwenzangu, umeniachia nani!" Majirani wakamfuata. Akatandika matawi kutoka mlangoni mpaka kwenye gari, akamvua Justus kofia, akaivaa yeye, akakalia ndoo iliyofunikwa, mfuniko wa sufuria mkononi ndio usukani. Akapiga honi kwa mdomo. Watu wakacheka, na Justus akacheka kuliko wote hadi akajifuta machozi.

Kornel akaiburuza ndoo mbele hadi kwenye matawi. Yakavunjika. "Nani kamwaga kuni barabarani?" alisema, kwa sauti ya mume wangu kabisa.

Majirani wakazidi kucheka. Justus aliacha.

"Baba Leonia, lori!" Hiyo ilikuwa sauti yangu. Kisha Kornel akanyoosha shingo, akakunja uso, akapapasa hewani kwa mkono mmoja. "Lori lipi?"

Hapo majirani nao wakaacha, mmoja mmoja, kila aliyeelewa. Justus akageuka kunitazama, au kutazama upande aliodhani nipo. Ni mimi tu niliyekuwa naye ndani ya gari. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona katika ndoa yangu, na bado nisingeyarudisha yale maneno niliyompa Kornel.

Kornel akaenda kwenye Pijo, akachomoa ufunguo, akauinua juu. "Mali ya marehemu ni ya mtani! Mnyamwezi, komboa!"

"Mpe kuku mmoja, mzee, yaishe," alinong'ona Samweli.

Kuku walikuwepo, wamelala kwenye kiti cha nyuma. Justus hakuwaita. Alisimama pale bila kofia, na kichwa chake kilionekana kidogo.

"Kornel," alisema, "yule Minza yuko darasa la pili tu."

"Najua, mtani."

Justus akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa akiba, ambao mimi sikujua kama anatembea nao. Kornel alikuwa amekinga kiganja. Mume wangu akaunyoosha ule ufunguo pembeni kabisa ya kiganja, mahali pasipo na kitu, akauachia. Kornel akawahi kusogeza mkono, ukaangukia ndani.