Sahihi ya Arvil Stidham

Zella Stidham hakuwa na deni la mtu. Alilisema hilo mwenyewe, tena mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na majirani zake kule bondeni, kwenye milima ya Kentucky, Marekani, walikwisha kulizoea. Bili ya umeme ikifika asubuhi, kabla ya saa sita imelipwa. Jirani akimletea sahani ya keki, sahani haikurudi tupu. Na mwaka ule mgodi wa makaa ya mawe ulipofungwa, watu wakajipanga kupokea jibini ya bure ya serikali, Zella alimwambia mumewe, "Tutakula maharage mpaka yatutoke puani, lakini foleni ile mimi sisimami." Wakala maharage.

Sasa mwanamke wa namna hiyo unamtapeli vipi? Ukimpa cha bure atakutimua kwa ufagio. Lakini mjanja aliyekuja alikuwa amekwisha kulijua hilo, mwana kulaaniwa yule.

Alikuja Jumanne moja ya mwezi Juni, kwenye bingo ya wazee, ule mchezo wa kubahatisha namba, katika ukumbi wa kanisa. Jina lake Tanner. Tai shingoni, kitambulisho kifuani, maboksi mawili ya donati mikononi. Alisaidia kupanga viti. Alikula sahani mbili za saladi ya viazi ya Oleta, shoga yake Zella, jambo ambalo hata mume wa Oleta alikuwa halifanyi. Halafu akavuta kiti karibu na Zella.

"Mama, mzee nyumbani hajambo?"

Zella akamweleza. Arvil ana miaka sabini na minane, vali ya moyo imekakamaa, operesheni imepangwa tarehe kumi na nne Oktoba. Mpaka hapo asinyanyue kitu kizito wala asipande ngazi.

"Na nani anakusaidia kumwogesha?"

"Mungu, na huu mgongo wangu."

"Ah, mama! Si mna Medicare, ile bima ya serikali ya wazee? Kuna msaidizi wa nyumbani, kiti cha bafuni, kila kitu. Mbona hamjachukua?"

"Sisi hatuli sadaka, mwanangu."

Tanner akaweka kalamu chini kama mtu aliyetukanwa. "Sadaka gani tena? Mzee kachimba makaa miaka mingapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Na kila mshahara walimkata ya Medicare. Miaka thelathini na mmoja, mama! Hili ni jasho lake. Asipoichukua yeye, ataila mtu ambaye hata sururu hajawahi kuishika."

Hapo alimpata. Zella akafungua mkoba, akatoa kadi ya Arvil pamoja na yake, maana yeye ndiye aliyezitunza zote mbili. Arvil angeweza kupoteza hata kichwa chake kama kisingekuwa kimeshikamana na shingo. Tanner akanakili namba. Kisha akaleta fomu, kurasa nane za herufi za sisimizi, akawa anafunua haraka haraka huku kidole chake kikionyesha palipotiwa alama ya kusaini.

"Au tumsubiri mzee aje asaini mwenyewe?" akauliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka jibu la ndiyo.

"Arvil hawezi kuacha nyanya zake kwa ajili ya karatasi."

Na kusema kweli Zella alikuwa akimsainia mumewe kwa miaka hamsini na miwili. Kibali cha kuvulia samaki, kodi, kadi za Krismasi. Arvil aliandika polepole, kwa taabu, na alikuwa akiona haya kuandika mbele za watu. Basi Zella akashika kalamu akaandika *Arvil Stidham*, ile A yake ina mkia uliojikunja chini. Tanner aligeuka kuangalia donati.

Nyumbani hakusema kitu. Alijua Arvil atanung'unika. Wiki iliyofuata kiti cha bafuni kiliachwa barazani, Arvil akauliza kimetoka wapi. "Kanisani," akasema Zella. Msaidizi hakuja. Zella akapiga simu mara moja, akaambiwa zamu yao bado, na kwa kuwa hapendi kusumbua watu akaacha.

Septemba ikaja bahasha nene ya Medicare. Juu kabisa imeandikwa kwa herufi kubwa: HII SI BILI. Loo, kwa Zella hilo lilikuwa limetosha. Kama si bili, haidai, na kama haidai, haina kazi naye. Akaisukumia kwenye droo ya betri kuukuu na vipande vya kamba, walikolala wenzake wa miaka yote. Laiti angefunua ukurasa wa tatu! Angeona jina la kampuni, Hospisi ya Mto Mtulivu, na chini yake tarehe, kuanzia tarehe kumi na moja Juni, siku baada ya siku. Lakini majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alikuwa njiani.

Tarehe kumi na nne Oktoba Arvil akanyoa ndevu vizuri, akavaa shati la Jumapili. Zella akaendesha pikapu saa mbili nzima hadi hospitali ya mjini. Mama wa mapokezi akaingiza namba, akakunja uso, akaingiza tena.

"Bwana Stidham, hapa inaonyesha uko kwenye hospisi."

"Niko wapi?"

"Hospisi. Ni huduma ya wagonjwa ambao daktari ameandika kwamba hawatamaliza miezi sita. Ukishaichagua, Medicare inalipia kukutuliza tu, maumivu na kadhalika. Kuutibu ugonjwa wenyewe hailipii tena. Hii operesheni haiwezi kupita."

Arvil akacheka. "Dada, mimi juzi tu nimepanda vitunguu saumu. Mtu anayekufa anapanda vitunguu vya kuvuna mwakani?"

Yule mama hakucheka. Akawageuzia kioo cha kompyuta. "Fomu ndiyo hii. Sahihi hii ni ya nani?"

Zella aliiona A kabla ya kitu kingine chochote.  Akaukumbatia mkoba wake.

Arvil akavaa miwani yake akainama. Akaitazama ile sahihi muda mrefu, yeye aliyeiona kwenye kadi za Krismasi miaka hamsini na miwili. Hakumtazama mkewe.

"Yangu," akasema.

"Una hakika? Kwa sababu kama si yako hiyo ni kesi nyingine kabisa. Naweza kupiga simu sasa hivi."

"Nimesema ni yangu. Nilisaini mwenyewe, sikuelewa."

Yule mama akaandika: mgonjwa amekiri sahihi ni yake. Zella akayasikia yale mapigo ya vidole kwenye kompyuta, na akanyamaza. Watu wa milima ile ndivyo walivyo, mimi nimekaa nao. Mume hamvui nguo mkewe mbele ya mgeni, na mke aliyefunikwa halitupi shuka. Ni adabu nzuri kabisa, na inaua watu.

Wakaondoka, wakalipita daraja la pili.

"A yako ina mkia wa nguruwe," Arvil akasema.

Zella akasimamisha gari kando ya barabara, akalia. "Kwa nini hukusema? Arvil, kwa nini hukuwaambia?"

"Niseme nini? Kwamba mke wangu kaghushi? Wakuandike mwizi?" Akamshika bega. "Acha kulia bwana. Kumbe nimekufa tangu Juni, na bado unanilisha maharage! Watu wakisikia watasema Zella mchoyo hata kwa maiti."

Zella akacheka huku analia, masikini. "Nageuza gari. Narudi kuwaambia."

"Hugeuzi. Tutaandika barua ya kujitoa, yataisha. Na Zella, asijue mtu kwamba ni wewe. Unanisikia? Asijue mtu."

Alhamisi wakaenda maktaba, kwa Mwalimu Hargis. Huyu alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, naye kila Alhamisi hukaa pale kuwasaidia wazee mambo ya Medicare, bila malipo. Alisoma karatasi zote kwa utulivu, kisha akawatazama juu ya miwani.

"Nani alisaini?"

"Mimi," akasema Arvil.

"Arvil, nisikilize vizuri. Kama umeghushiwa, tunaripoti leo hii utapeli, na tunaomba wafute yote. Kama umesaini mwenyewe, lazima hao matapeli waipokee barua yako ya kujitoa, na wao ndio waipeleke mbele. Unaona tofauti?"

"Naona. Ni mimi."

Zella aliangalia viatu vyake.

"Haya," Mwalimu akashusha pumzi. "Basi mjue kwa siku nyingine. Ile namba ya kadi ni ufunguo wa nyumba yenu. Medicare haitumi mtu na donati. Haipigi simu ghafla kuuliza namba. Na zile barua zao, huwa mnazisoma?"

"Zimeandikwa si bili," Zella akasema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo maana zinasomwa, mama wewe! Bili inakuambia unadaiwa nini. Ile inakuambia watu wamechukua nini kwa jina lako."

Barua ya kujitoa ikapelekwa kwa rejista. Ikakaa. Simu ya Mto Mtulivu ikawa inaita tu. Zella akaendesha hadi kwenye anwani yao, akakuta chumba kimoja katikati ya duka la matairi na saluni iliyofungwa. Alichungulia kwenye kioo cha mlango. Hapakuwa na meza wala kiti, ila rundo la barua sakafuni, na karatasi ya posta ya kumwita mwenye ofisi aje aichukue barua ya Arvil ikiwa juu yake. Mwalimu akajaribu njia nyingine, akapiga simu ofisi hii na ile, na kila ofisi ilianza na swali lile lile: sahihi ni ya nani? Na kila mara, Arvil akiwa ameketi pale anahema, jibu likawa lile lile. Mara mbili Zella alikohoa kama anayetaka kusema. Mara mbili Arvil alimkanyaga mguu chini ya meza.

Habari haikosi kuvuja. Bondeni wakaanza kusema kwamba masikini Arvil Stidham kasaini karatasi ya kifo chake, si unajua kusoma kulimshinda tangu shuleni. Arvil akayasikia haya dukani, akanunua misumari yake akarudi nyumbani. Zella naye akayasikia, na hakuna usiku aliopata usingizi.

Katikati ya Novemba, baada ya simu zote hizo, hatimaye jina la Arvil likatoka hospisi. Hospitali ikatoa tarehe mpya, tarehe nne Desemba. Zella akaizungushia duara kwenye kalenda ya jikoni.

Tarehe ishirini na mbili Novemba, saa nne asubuhi, Arvil alitoka kufunika vitunguu saumu vyake kwa majani makavu. Zella alimwona kwa dirisha la jikoni akiketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akadhani anapumzika. Akaendelea kukoroga maharage, akatoa mkate wa mahindi kwenye oveni, akamwita aje kula. Akamwita tena.

Daktari asiyewahi kumtia Arvil machoni aliandika kwamba hatamaliza miezi sita. Ilikuwa miezi mitano na siku kumi na moja.

Watu walileta vyungu vya chakula matangani, kama desturi. Zella akarudisha kila chungu kimejaa. Hakulia mbele za watu. Katikati ya Desemba ikaja bahasha nene: HII SI BILI. Alikaa mezani akavaa miwani ya Arvil, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu, akasoma kila mstari. Mto Mtulivu walikuwa bado wanaidai Medicare malipo, licha ya barua ya kujitoa. Muuguzi amemtembelea Arvil tarehe ishirini na tatu Novemba. Tarehe ishirini na nne. Tarehe ishirini na tano pia, siku ambayo Arvil alikuwa amelala kanisani na shati lake la Jumapili, na bonde zima linaimba.

Jumanne akaichukua ile barua akaenda kwenye bingo.

Donati zilikuwa mezani. Safari hii alikuwa msichana, kampuni nyingine, jina jingine, ana vijiti vya pamba vya kufuta ndani ya shavu. Kipimo cha saratani, eti, bila senti. Oleta alikuwa amekwisha kuitoa kadi yake.

"Zella! Njoo shoga yangu, kaa hapa," Oleta akasema. "Huyu binti anasema hii wala si sadaka. Ni haki yetu, tuliifanyia kazi."

Zella akaweka kiganja juu ya kadi.

"Rudisha mkobani, Oleta."

"Vipi tena? Umeniumiza kidole!"

"Rudisha nimekwambia!"

Msoma namba za bingo alibaki ameshika mpira wake wenye namba. Ukumbi wote ukageuka. Wale waliomjua tangu utotoni hawakuwahi kumsikia akipaza sauti hivyo.

"Mnasema Arvil alisaini bila kusoma," akasema. "Nimewasikia, dukani na hapa. Masikini Arvil, kusoma kulimshinda. Sasa nisikilizeni. Arvil hakusaini kitu. Ni mimi niliyesaini. Kwenye meza hii, kiti kile pale alipokaa Oleta. Niliandika jina lake kwa mkono huu. Walipouliza akasema ni yeye, ili nisiaibike, na mimi nikakubali. Ningesema kweli walipouliza, labda leo angekuwa hai. Nilinyamaza mpaka akafa."

 Msichana alianza kukusanya vijiti vyake taratibu, akaziacha donati. Oleta akaishika kadi kwa mikono miwili kifuani, machozi yanamtoka.

"Mna barua zenu nyumbani, za si bili," Zella akasema. "Nyote mnazo, najua mnaziweka wapi. Jumanne ijayo mje nazo."

Akavuta kiti, akavaa miwani ya Arvil, akaanza kuwasomea yake kuanzia ukurasa wa kwanza.